Leso ya Mama Kwenye Televisheni

"Ikisimama ikawauliza kama bado mnatazama, Mama, gusa hapa chini," Sidi alisema, akaiweka simu juu ya kigoda mbele ya mama yake. "Mguso mmoja tu, itaendelea."

"Na nikigusa vibaya?"

"Hakuna kugusa vibaya, Mama. Ni simu, si bomu."

Akina mama wa kanisa wakacheka. Walikuwa wamejaa sebuleni kwa Mzee Hesbon, baba yake Sidi, pale Matsangoni, wengine vitini na wengine mkekani, nguo zao za chama zikiwa zimepigwa pasi vizuri. Kila Alhamisi walikutana kanisani. Alhamisi hii walikuja hapa ili watazame ibada ya shukrani iliyokuwa ikirushwa moja kwa moja kutoka Mombasa, kwa kuwa nyumba hii, miongoni mwa nyumba zote za mtaa huo, ndiyo iliyokuwa na kidude.

Kidude chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kidole gumba, na bei yake haikuwa ya kumtisha mtu. Kilichomekwa nyuma ya televisheni kongwe ya Mzee Hesbon, na kazi yake ilikuwa kuchukua kilichokuwa kwenye simu ya Sidi na kukionyesha kwenye televisheni. Simu ikionyesha ibada, televisheni nayo ilionyesha ibada. Chochote kilichotokea kwenye kile kioo kidogo kilitokea papo hapo kwenye kile kikubwa. Sidi alilijua hilo, lakini hakulifikiria.

Aliyekileta kidude hicho alikuwa Tsuma, fundi wa televisheni na intaneti katika hoteli moja ya Bofa. Kwa muda mrefu Mzee Hesbon, katekista mstaafu, hakutaka hata kulisikia jina lake. "Vijana wa hoteli wameona mengi mno," alikuwa akisema. "Huyo wa Bofa atafute mke huko huko Bofa." Kisha mzee akavunjika mguu, akashindwa kwenda kanisani, na huzuni yake ikaijaza nyumba nzima. Tsuma alipoambiwa, alikinunua kile kidude, akakipitisha kwa Sidi, akamfundisha kwa simu namna ya kukiunganisha. Jumapili ya kwanza mzee aliisikiliza ibada tangu wimbo wa kuingilia hadi baraka, akapangusa miwani yake, akauliza nani amekileta kitu hiki. Akajibiwa. "Mwambie alete wazee wake," akasema.

Wazee walikuwa waje Jumamosi ya juma lililofuata.

Sidi aliingia jikoni kutazama chai. Alikuwa mwalimu wa chekechea, binti mwenye macho makubwa yaliyokuwa hayajui kuficha furaha, na siku hizo furaha yenyewe ilikuwa nyingi. Aliwasikia akina mama wakiimba pamoja na televisheni. Kisha wimbo ukakatika, na simu ikaanza kulia.

"Imesimama," mtu akasema. "Inauliza."

"Nimeiona," alijibu Mama Sidi kwa sauti ya mtu aliyefundishwa. "Inauliza kama bado tunatazama."

Na Mama Sidi akagusa pale penye rangi ya kijani.

Haikuwa ibada. Alikuwa Tsuma. Alijaa televisheni nzima, kifua wazi, maji yakimtiririka mabegani, ametoka kuoga. Kiunoni alikuwa amejifunga leso. Picha yake ilikuwa ukutani, lakini sauti yake ilitoka pale kigodani kwenye simu, karibu kabisa na magoti ya Mama Sidi.

"Mke wangu, mbona leo umenikalia kimya? Tazama, nimeivaa. Hata nikiifua, bado ina harufu yako. Nikijifunga hivi naona kama ni wewe uliyenishika ki..."

Hapo akaona. Kioo chake cha simu hakikuwa na uso wa Sidi. Kilikuwa na uso wa mwanamke wa makamo, umeinama juu ya simu, mdomo wazi.

"Shikamoo, mama," alisema Tsuma.

Sidi alitokea mlangoni mwa jikoni na sinia la vikombe mkononi, akaiona televisheni, akamwona mama yake. Alilitua sinia chini, akapita katikati ya wanawake, akaikata simu. Ibada ya Mombasa ikarudi. Kwaya ilikuwa ikiendelea kuimba kana kwamba hakuna lililotokea.

Ili msomaji auelewe uzito wa jambo hilo, ni lazima ajue kwamba Mama Sidi hakuwahi kukutana na Tsuma, wala hakutaka kukutana naye kabla ya siku yake. Kwa Wagiriama wa umri wake, mama wa binti na mume wa binti huheshimiana kwa kutoonana ovyo. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Wakilazimika kuketi mahali pamoja, kijana huja amevaa kikamilifu, macho yake yakiwa chini. Mama Sidi sasa alikuwa amemwita mkwe wake kwa kidole chake mwenyewe, amemleta sebuleni mbele ya chama kizima, naye yu nusu uchi.

Lakini si hilo lililomfanya ainuke kitini. Alikuwa ameiona leso.

Ilikuwa leso ya rangi ya damu ya mzee, yenye korosho za manjano pindoni, na kwenye kona moja palikuwa na alama ya kuungua na pasi iliyotiwa kiraka cha uzi wa kijani. Alikishona kiraka hicho yeye mwenyewe. Leso hiyo ilikuwa imepotea tangu mvua za masika.

"Sidi," alisema polepole. "Ile ni leso yangu."

Sidi aliigeuza simu kifudifudi.

"Uliniambia umeianika kwenye kamba, ukarudi jioni usiione. Ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo, Mama."

Wanawake wote waligeuza macho, na yote yalielekea mahali pamoja. Karibu na mlango aliketi Adhiambo, mama wa Eugene, mpangaji wa nyumba ya pili, ambaye alitumia nao kamba moja ya kuanikia. Leso ilipopotea, Mama Sidi hakumtaja mtu jina. Alisema tu, tena mbele ya chama, kwamba siku hizi mtu akianika nguo ni heri akae na kamba yake. Kila mtu alielewa. Tangu siku hiyo salamu za Adhiambo ziliitikiwa nusu, na maji alikwenda kuyateka kwenye bomba la mbali, ng'ambo ya barabara, ili asipite mbele ya mlango wa Mama Sidi.

Shangazi Gladys, dada yake Mzee Hesbon, alikuwa wa kwanza kuukusanya mkoba wake. "Haya, mabibi, twendeni," alisema. "Mahubiri tumeshayaona. Na mhubiri naye tumemwona, hakuna alichotuficha isipokuwa kile leso ilichosaidia kuficha."

Mmoja alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Walitoka mmoja mmoja, chai haikunywewa. Adhiambo alitoka wa mwisho. Alisimama kizingitini, akamtazama Mama Sidi bila ukali wowote.

"Mama Sidi, ile kamba yetu," alisema, "sasa mtu anaweza kuanika?"

Hakungoja jibu.

*

Mzee Hesbon alikuwa barazani, mguu wake umenyoshwa juu ya stuli, na kila neno alilisikia kupitia dirishani. Sidi alipoitwa, alikwenda akapiga magoti kando ya kiti chake. Hakuthubutu kuinua uso.

"Ulikwenda kwake," baba yake alisema.

"Alikuwa na malaria, Baba. Alikuwa peke yake chumbani, hana wa kumpa hata maji. Nilikaa naye mchana mmoja. Mvua ilikuwa kubwa, nikamfunika leso, nikaisahau. Hakuna kingine kilichotokea. Naapa."

"Usiape. Nakuamini." Mzee alivua miwani. "Mgonjwa kutazamwa si dhambi. Ulimwambia mama yako unakwenda wapi?"

"Semina ya walimu, Kilifi."

"Na leso?"

"Nilisema niliianika."

"Na mwenzako alipofanywa mwizi, ulisema nini?"

Sidi alitamani baba yake apaaze sauti. Alitamani hata kofi. Mzee alitazama mbali, kwenye mashamba ya mihogo yaliyopakana na nyumba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Mwambie Tsuma wazee wake wasije. Sina uso wa kuwapokea. Watakuja kuniomba binti mwema, nami nitawapa nani?"

Ndani, Mama Sidi aliizima televisheni. Kisha akafanya jambo ambalo Sidi hakuwahi kumwona akilifanya: akaifunika kwa kitambaa cha meza, kama ifanywavyo katika nyumba yenye msiba.

*

Kesho yake, watoto wa chekechea walipokwisha kuondoka, Sidi alibaki darasani akipanga viti vidogo vidogo. Alisikia mtu akisimama mlangoni. Hakuhitaji kugeuka. Ulikuwepo utulivu fulani ambao Tsuma aliingia nao mahali popote, na moyo wa Sidi ulikuwa umeuzoea.

"Hujapokea simu zangu," alisema Tsuma.

"Ningekuambia nini?"

"Hata matusi. Ningeyapokea."

Aligeuka. Tsuma alikuwa amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo vyote hadi shingoni, kana kwamba alitaka kulipia kifua kilichoonekana jana. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkononi alishika mfuko wa karatasi. Sidi alimtazama, na licha ya yote akahisi miguu yake inataka kumfuata. Akaishika meza.

"Baba amesema wazee wasije."

Tsuma aliketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yake yakafika kifuani. Wakati mwingine wangecheka.

"Nimelala nikilifikiria," alisema. "Nimepata njia. Nitakwenda kwa mzee. Nitamwambia niliichukua mwenyewe. Nilipita Matsangoni, nikaiona kwenye kamba, nikajua ni ya kwenu, nikaichukua kwa ajili ya mapenzi. Wewe hukujua. Hukuja kwangu. Sema hivyo nami nitasema hivyo."

"Utajiita mwizi?"

"Nitajiita lolote. Mwizi atasamehewa akioa. Binti aliyelala kwa mwanamume..."

"Sikulala kwako."

"Mimi najua. Wao je?"

Sidi alimwendea. Kwa muda walitazamana, karibu kiasi cha kusikiana pumzi, na Sidi aliliona pendo lile jinsi lilivyokuwa tayari kuvunjika vipande kwa ajili yake. Lilikuwa jambo rahisi. Neno moja tu, ndiyo, na Jumamosi ingerudi.

"Haiwezekani," alisema. "Mwizi wameshampata, Tsuma. Wanaye tangu masika."

"Mwizi yupi?"

Akamweleza. Alieleza akiitazama sakafu, habari za kamba, za maneno ya mama yake, za Adhiambo na bomba la ng'ambo. Alipomaliza alitarajia mkono wa Tsuma begani. Haukuja. Alipoinua macho alimkuta amegeukia dirisha.

"Ulijua wakati wote huo?" aliuliza.

"Nilikuwa nikimwona asubuhi akivuka barabara na mitungi. Nilikuwa nikijiambia kesho nitasema."

"Kila jioni mimi nilijifunga ile leso nikajiona tajiri," alisema Tsuma. "Hoteli nzima hapakuwa na mtu tajiri kama mimi. Kumbe nilikuwa nimejifunga aibu ya mama wa watu."

"Tsuma, nitazame."

"Ungeniambia ningeirudisha siku ile ile."

"Ungeirudishaje bila watu kujua nilikuwa wapi?"

"Sijui. Lakini ningeirudisha." Akasimama, akauweka mfuko wa karatasi juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na leso, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kwa uangalifu wa mwanamume asiyezoea kukunja. "Nilikuja hapa kujitwika aibu yako, Sidi. Nilidhani ni aibu ya mapenzi. Hiyo ningeibeba hadi Magarini kwa mama yangu, wala nisingejali nani ananicheka. Hii nyingine sijui inabebwaje."

"Umeniacha?"

Hapo ndipo alipomtazama. Yalikuwa macho yale yale, lakini yalikuwa yamesogea nyuma hatua moja, na Sidi alihisi umbali huo mwilini kama njaa.

"Sijakuacha. Nakuonea haya, na najionea haya. Sijui hayo mawili yakikaa pamoja yanaitwaje."

"Nitakwenda kwa Mama Eugene. Leo."

"Usiende kwa sababu yangu."

"Basi kwa sababu ya nani?"

Tsuma alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Ukifika kwake utajua," alisema.

*

Adhiambo alikuwa ukumbini kwake, akichambua ndengu kwenye ungo. Aliitikia hodi bila kusimama, akamwonyesha Sidi kigoda. Sidi hakuketi. Alisema yote akiwa wima, tangu malaria hadi semina ya uongo, na akamalizia kwa kuomba msamaha huku machozi yakimdondoka kidevuni.

Adhiambo alitupa jiwe dogo uani, kisha jingine.

"Umeniambia mimi kwamba sikuiba," alisema.

"Ndiyo, Mama Eugene."

"Mimi nilijua sikuiba. Hiyo si habari kwangu, mwalimu. Hukuwa na haja ya kutoka kwenu kuniletea." Akaupepeta ungo. "Nilikuwa nikikaa kanisani nikisikia mtu akivuta mkoba wake karibu. Si mama yako peke yake. Wote. Shangazi yako Gladys alikuwa akiuvuta hata wakati wa sala. Hao ndio wasiojua. Umewaambia?"

"Hapana."

"Basi bado hujaanza."

Sidi alifuta uso. "Nikisema mbele yao, hawatanisema leo na kesho tu. Watanisema maisha."

"Ni kweli," Adhiambo alikubali, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu kama huruma. "Mimi nilisemwa kwa jambo ambalo sikulifanya. Wewe angalau utasemwa kwa lako."

Usiku huo Sidi aliwaambia wazazi wake nia yake. Mama yake aliinamisha kichwa, akawa anauchezea ukingo wa leso aliyorudishiwa, pale penye uzi wa kijani.

"Utasema Alhamisi," alisema Mzee Hesbon. "Ukishasema, ndipo tutazungumza kama ipo Jumamosi au haipo."

Sidi alimtumia Tsuma ujumbe, akamweleza siku na saa, akaongeza kwamba hamtaki aje, kwa kuwa mama yake angekuwapo na heshima haikuruhusu. Tsuma aliusoma ujumbe huo. Hakujibu. Sidi alilala akiushikilia ukimya huo kifuani, siku ile na siku zilizofuata, na kila simu ilipolia alishtuka, na kila mara hakuwa yeye.

*

Alhamisi walikuja wote hapo nyumbani, kama walivyoitwa, hata wale ambao kwa kawaida huumwa mgongo. Televisheni ilikuwa bado imefunikwa kitambaa. Shangazi Gladys alikitazama kitambaa, akamgusa jirani yake kiwiko.

"Leo hatuonyeshwi?" alinong'ona, kwa sauti ya kusikika. "Na mimi nimevaa miwani mipya."

Adhiambo aliingia, akaketi pale pale karibu na mlango. Sidi alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amefundisha watoto wengi kusimama mbele za watu na kusema bila woga. Sasa aligundua kwamba hakuwahi kuwafundisha lolote la maana.

"Mama zangu," alianza, "ile leso mliyoiona..."

Wanawake walingoja. Mmoja alikohoa. Sidi aliyatazama mabati ya dari, akaitazama mikono yake, na kwa kweli alikuwa karibu kukimbia, wakati sauti ya kiume ilipobisha hodi kutoka nje. Haikutoka mlangoni. Ilitoka ukutani, chini ya dirisha, mahali ambapo mtu aweza kusikika bila kuonekana.

"Hodi kwa wazee na akina mama. Naomba nisiingie. Mimi ni Tsuma. Leso ilikuwa kwangu."

Mama Sidi alikaza macho yake magotini.

"Nilikuwa mgonjwa, nikatunzwa," ile sauti iliendelea. "Nilipopona niliiona leso, nikaipenda, wala sikuuliza mwenyewe anaitafutaje. Kosa hilo ni langu. Lililobaki ni la Sidi, naye ana mdomo wake."

Kutoka pale aliposimama Sidi aliona bega moja tu, ndani ya shati jeupe, limeegemea ukuta kwenye jua kali la mchana. Hakuhitaji kuona zaidi. Alivuta pumzi, akasema. Alisema alikokwenda na alivyodanganya. Alisema kwamba alijua tangu siku ya kwanza nani aliyedhaniwa, na kwamba alimwacha adhaniwe kwa sababu ilikuwa nafuu kwake. Hakulia, na hakusema alikuwa akipenda, ingawa angeweza kujitetea kwa hilo na wengine wangemhurumia.

"Mama Eugene hakuchukua kitu," alimaliza. "Mwizi wa jina lake ni mimi."

"Na sisi tuliokuwa tukivuta mikoba?" mwanamke mmoja wa mkekani aliuliza taratibu, akijiuliza mwenyewe. Shangazi Gladys alianza kuitazama miwani yake mipya kana kwamba ina doa.

Ndipo Mama Sidi aliposimama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yalimtoka kwa taabu.

"Mtoto amesema lake. Maneno ya kamba niliyasema mimi, hapa na kanisani. Hakuna aliyeniambia niyaseme." Akamgeukia Adhiambo. "Mama Eugene, bomba letu la karibu liko pale pale. Ukiniruhusu, kesho nitakutekea mwenyewe, na barabara nzima inione."

"Nimesikia," Adhiambo alisema. "Sijasema imekwisha. Lakini nimesikia." Kisha akaongeza, "Maji nitateka mwenyewe. Wewe nibebee mtungi mmoja."

Kicheko kidogo kilipita, cha kwanza kisicho na sumu. Mlango wa baraza ulifunguka, Mzee Hesbon akaingia kwa mkongojo wake. Alimtazama binti yake tangu unyayo hadi utosi, kama mtu anayemtambua mgeni aliyemjua zamani.

"Sasa wazee wakija ninaye wa kuwapa," alisema. Hakusema zaidi, akaenda kuketi.

Sidi alibaki amesimama, uso ukimwaka, hajui aende wapi. Aibu haikuwa imemtoka. Ilikuwa imekaa wazi tu, kila mtu ameiona, na kwa namna fulani ilikuwa nyepesi zaidi kuliko ile iliyofichwa. Nje, lile bega jeupe halikuwa limesogea. Jua lilikuwa limeupata ukuta wote.

Mama Sidi alianza kukusanya vikombe. Aliligeuzia dirisha mgongo, kama ilivyompasa, na alipozungumza alizungumza na vikombe.

"Mwambieni huyo aliye nje asogee kivulini. Jumamosi sitaki niletewe mkwe aliyeungua uso."

Wanawake walitazamana. Hakuna aliyeinuka kwenda kusema. Wote walimwachia Sidi.